Bofya Endelea, Afande

Mimi sipingi kompyuta. Naomba hili liandikwe mapema, maana kila nikinung'unikia kitu chenye skrini watoto wangu husema mzee amebaki mwaka 1987. Kompyuta iende hospitali, iende benki, iende mpaka kwenye nyumba za ibada ikahesabu sadaka. Swali langu ni dogo tu: kwenye kwata imeingiaje?

Mpwa wangu ni askari ng'ambo. Nchi siitaji, kwa sababu dada yangu anasoma safu hii na kijana bado anasubiri pasipoti. Jumamosi moja alinipigia kwa video. Sare amevaa, buti amefunga, lakini ameketi kwenye kiti cha kuzunguka na kikombe cha kahawa kiko pembeni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Upo likizo?"

"Hapana, mjomba. Nipo kwenye mafunzo."

Nikaisogeza simu usoni nimwone vizuri. Jasho hana. Vumbi hana. Hakuna mtu anayemfokea. Nikamuuliza mafunzo ya nini. Akasema anamalizia ya kujikinga na baridi kali, kisha kuna ya kutunza siri za kompyuta, kisha ya kuendesha gari kwa usalama wakati wa likizo, kisha ya kunyanyua mizigo bila kuumiza mgongo. Zote anafanya akiwa amekaa. Hata hiyo ya mgongo.

"Hiyo ya mgongo ndiyo ndefu kuliko zote," akasema, huku akijinyoosha kiuno kwa maumivu.

Sasa mimi ni mtu wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Ni wa lile kundi la kabla ya mwaka 1994, kabla serikali haijasitisha mafunzo ya mujibu wa sheria, ambayo yalikuja kurudi mwaka 2013. Siku hizi mhitimu wa kidato cha sita anaona jina lake mtandaoni, pamoja na kambi aliyopangiwa, na orodha ya vitu vya kubeba. Hilo ni jambo zuri, silikatai. Lakini akishafika Oljoro au Mafinga au Bulombora, hakuna tena cha kubofya. Kule kuna sauti ya afande. Sauti hiyo ndiyo iliyotufundisha sisi. Ilitukuta usingizini, ikatutoa nje, ikatukimbiza mchakamchaka gizani, ikatupeleka fatiki, na jioni ikatuuliza kwa nini tumechoka.

Na vifaa vya mafunzo tulikuwa navyo, asije mtu akasema hatukuendelea. Tulikuwa na bunduki ya mti. Ile ilikuwa teknolojia kamili. Haikuhitaji chaji, haikudai nywila yenye herufi kubwa na alama ya mshangao, wala haikusimama katikati ya kwata ikisema inajisasisha. Ukiidondosha, matokeo yako uliyapata papo hapo, na kombania nzima iliyasikia.

Malalamiko haya niliyapeleka kwa jirani yangu, sajini mstaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita afande na mpaka leo akituamkia asubuhi baadhi yetu tunasimama mguu sawa bila kukusudia. Nilijua ataniunga mkono. Aliniunga mkono kupita kiasi. Alisema jeshi linalojifunza kwa kompyuta lipigane na kompyuta. Akasema askari anajengwa kuanzia miguuni kwenda juu, na kichwa hufikiwa mwisho, kama muda utaruhusu.

Nikaona nimsaidie kwa ushahidi. Nikaanza kusoma historia ya mambo haya. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi, kwa sababu historia haikuwa upande wetu.

Mwaka 1934 serikali ya Marekani ililipa jeshi lake kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani walikuwa hodari, lakini uhodari wao ulitegemea jua na mbingu safi. Barua hazisubiri jua. Wakaingizwa kwenye usiku, ukungu na theluji, na katika muda mfupi zaidi ya 10 wakafa kwa ajali. Hapo ndipo wakubwa walipomkumbuka Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Link alikuwa amechukua mivukuto ya vinanda, akaipachika chini ya kijindege cha mbao, kikawa kinainama, kinageuka na kutikisika bila kutoka sakafuni. Kabla ya hapo walioona thamani yake walikuwa ni wenye viwanja vya burudani, waliokinunua ili watu walipe wapande wacheke. Jeshi likanunua 6. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, zaidi ya marubani 500,000 wa Marekani walikuwa wamepita ndani ya kijindege hicho.

Nikamsimulia afande. Nikamweleza kwamba rubani alifunikwa kwa kifuniko asione nje, akabaki na mishale na saa zake tu, akipotea anapotelea hapohapo chumbani, akianguka anaanguka bila kufa, kisha anaanza tena.

"Na nani alikuwa anamwambia kwamba ameanguka?" afande akauliza.

"Mkufunzi. Alikaa mezani pembeni, ana ramani na kalamu inayochora njia yote aliyopita, wakizungumza kwa vipaza sauti."

"Ahaa," akasema, akaegemea kiti. "Basi kumbe mtu alikuwepo."

Neno hilo nililiweka akilini, nikaendelea kusoma.

Nikakutana na leza. Kuanzia miaka ya 1980, Wamarekani wamekuwa wakipigana wao kwa wao katika jangwa la California, pale Fort Irwin, kwa mfumo unaoitwa MILES. Bunduki inafyatua risasi baridi isiyoua, na kwa wakati huohuo inatoa mwanga wa leza. Kila askari amevaa vihisi kichwani na mwilini. Leza ikimpata, kifaa alichovaa kinapiga kelele ya kukera isiyokoma. Katika mfumo ule wa mwanzo, njia ya kukinyamazisha ilikuwa moja: achomoe ufunguo kwenye kifaa cha bunduki yake na auchomeke kwenye kile alichovaa. Ufunguo ukishatoka, bunduki nayo haifyatui tena leza. Yaani ukifa, unajizika mwenyewe na silaha yako, ndipo uruhusiwe kupumzika.

Hii, nakiri, ilinifurahisha. Hakuna ubishi wa "hujanipiga, nilikuwa nyuma ya mti." Bila shaka binadamu ni binadamu, na haikuchukua muda wapo waliogundua kwamba kihisi kikizibwa vizuri mtu haguswi na mauti. Lakini hata hao walilazimika kwanza kutambaa mchangani. Na vita vikiisha, kunakuwa na kikao ambapo kamanda anaonyeshwa, kwa saa na kwa ramani, ni wapi alipopotea na watu wake walifia wapi, na hata walio chini yake wanaruhusiwa kusema walichokiona.

"Mbele ya walio chini yake?" afande akashtuka.

"Ndiyo utaratibu wao."

"Hapo ndipo mtandao ungekatika," akasema.

Nikamwonyesha na mchezo. Tarehe 4 Julai 2002 jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake wa kompyuta wa bure, America's Army, ili kuvutia vijana. Uliendelea mpaka mwaka 2022. Nilidhani utakuwa ni kupigapiga risasi tu, ule upuuzi unaowafanya watoto wa mtaani kwetu washindwe kwenda dukani kununua chumvi. Kumbe aliyetaka kuwa mganga wa kikosi kwenye mchezo huo alipaswa kwanza kukaa darasani, darasa la kuchorwa, amsikilize mwalimu wa kuchorwa akieleza namna ya kuzuia damu, kisha afanye mtihani. Na ukimpiga risasi mkufunzi wako, ulijikuta kwenye selo ya Fort Leavenworth. Afande alilipenda hilo la selo. Alitaka kujua kama kuna namna ya kulileta huku.

Kisha nikamweleza ya mwaka 2007. Raia mmoja kule North Carolina aliona gari likipinduka barabarani, akawatoa waliokuwemo na kumzuia mmoja asiendelee kuvuja damu. Alipoulizwa alijifunza wapi, akasema kwenye lile darasa la ndani ya mchezo. Jeshi halikukaa kimya, lilitangaza.

Afande akanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akasema yule mtu angewahi zaidi kama angekuwa amepita depo.

Basi mpaka hapo nilikuwa nimekusanya ushahidi wote dhidi yangu mwenyewe, na nikaona niuchunguze kabla ya kusalimu amri. Kijindege cha Link, leza ya jangwani, hata lile darasa la mchezo, vyote vina jambo moja. Vinakuacha uanguke. Vinakuweka mahali ambapo ukikosea unaona umekosea, na aibu inakuingia, ila jeneza halihitajiki. Huko Ukraine nako, wanaojifunza kurusha zile droni ndogo za vita hukaa kwanza mbele ya kompyuta na rimoti mkononi, wakigonga miti na majengo ya kuchorwa mpaka vidole vizoee, ndipo wapewe droni yenyewe. Hayo ni mafunzo. Bunduki yetu ya mti ingewatambua hao kuwa ni ndugu zake.

Anachofanya mpwa wangu kwenye kile kiti cha kuzunguka ni kitu kingine kabisa. Pale hakuna kuanguka. Kuna picha ya askari anayetabasamu, maneno matano pembeni, na chini kuna kitufe kimeandikwa Endelea. Unabofya. Inakuja picha ya askari mwingine, naye anatabasamu. Unabofya. Mwishoni kuna maswali kumi ambayo jibu sahihi ni lile refu kuliko yote. Ukikosa, unaambiwa jaribu tena, na safari hii jibu ulilokosa limeshatiwa rangi nyekundu ili lisikusumbue. Kisha unapewa cheti.

Nikamuuliza, "Sasa baridi kali ikija utafanya nini?"

"Nitavaa koti, mjomba."

"Hilo umejifunza kwenye kozi?"

"Hapana, hilo nilijifunza kwa bibi, Lushoto."

Hapo hasira yangu ikapata anwani. Na wala si mimi tu. Mwaka 2002 Leonard Wong, mtafiti wa Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani kilichopo Carlisle, Pennsylvania, alikaa akajumlisha. Kamanda wa kombania alikuwa na siku 256 kwa mwaka za kufundisha watu wake. Mafunzo ya lazima yaliyoagizwa kutoka juu, ukiyapanga yote, yalihitaji siku 297. Hesabu hiyo ilifanywa kabla intaneti haijawa na kasi. Kila ofisi huko juu ilikuwa na jambo lake muhimu, kila jambo likawa kozi, na kila kozi ikawa ya lazima, na aliyeombwa kuzitafutia siku ni kapteni mmoja aliye chini yao wote.

Unafanyaje siku 297 ndani ya siku 256? Jibu lilikuja mwaka 2015, Wong alipoandika tena, safari hii na mwenzake Stephen Gerras, kuhusu uongo jeshini. Waliwahoji maofisa, na maofisa wakafunguka. Mmoja wao alisimulia namna seksheni ya watu 9 inavyomaliza kozi ya kompyuta. Anachaguliwa yule mwenye akili zaidi, anakaa kwenye mashine, anaifanya kozi mara 9, kila mara kwa jina la mtu mwingine. Vyeti 9 vinatoka. Vinapelekwa juu. Juu wanafurahi.

Nilipomsomea afande alicheka mpaka miwani ikamtoka. Lakini mimi nilibaki namfikiria yule mwenye akili. Huyo maskini ndiye mtu pekee katika seksheni ile aliyefundishwa kitu, na amefundishwa mara 9, na kitu chenyewe ni kughushi. Wenzake wanane nao wamejifunza jambo lao: kwamba karatasi ikiwa safi, hakuna atakayeuliza. Kama mojawapo ya kozi zile ilihusu uadilifu, basi ilifaulu vizuri sana kuumaliza.

Hata wakubwa wenyewe walichoka. Mwaka 2018 Mark Esper, aliyekuwa waziri wa jeshi la nchi kavu la Marekani, alianza kufuta baadhi ya mafunzo hayo ya lazima ili askari wapate muda wa kufanya kazi ya askari. Nasema alianza, kwa sababu kozi ya lazima ina maisha marefu. Kuianzisha inatosha sahihi ya mtu mmoja mwenye hofu. Kuifuta anahitajika mtu asiye na hofu, na huyo mara nyingi ameshastaafu.

Msidhani natupa mawe ya mbali tu. Kazini kwetu, na ofisi siitaji, tuliletewa kozi ya mtandaoni ya kukabiliana na moto. Ilikuja kwa barua pepe, ina picha nzuri za moto. Tulibofya, tukafaulu sote, na kwenye ubao wa matangazo kukabandikwa kwamba tumefikia asilimia 100. Chombo chenyewe cha kuzimia moto kipo ghorofa ya chini, nyuma ya mlango unaofungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mlinzi. Mlinzi hana barua pepe. Nilipouliza kwa nini hakufundishwa, niliambiwa hayumo kwenye hesabu ya asilimia.

Nirudi jeshini. Kuna suala la kupima watu, ambalo limenisumbua zaidi ya kufundisha, kwa sababu mafunzo mabaya unaweza kuyasahau, lakini alama mbaya inakufuata.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes walitengeneza mitihani miwili ya kupima akili za kuruta. Alpha ilikuwa ya wanaojua kusoma Kiingereza, Beta ya wasiojua. Zaidi ya watu milioni 1.7 walipimwa. Ndani ya Alpha kulikuwa na swali linalotaka ujue kwamba Crisco ni chakula na si dawa ya meno. Ni mafuta ya kupikia ya huko kwao. Kutojua mafuta anayopikia jirani yako kulikupunguzia akili.

Beta ndiyo iliyonigusa. Ilikuwa na michoro iliyopungukiwa kitu, nawe uchore kinachokosekana. Kulikuwa na nyumba. Ina paa, ina mlango, ina madirisha. Unaambiwa malizia. Kilichotakiwa ni bomba la moshi juu ya paa. Bomba la moshi! Mimi nimekulia nyumba ya makuti mkoani Tanga. Moshi wetu ulitoka kupitia kwenye makuti, mlangoni, na machoni mwa aliyeketi jikoni. Ningeitazama nyumba ile mpaka kesho nione haina kasoro, pengine niulize kodi yake. Ningepewa sifuri ya akili kwa sababu ya usanifu wa jiko. Na inasimuliwa kwamba mhamiaji mmoja kutoka Sicily alichora msalaba, kwa kuwa kwao ndipo msalaba unapokaa. Naye akakosa.

Leo kipimo cha kuingilia jeshi la Marekani, ASVAB, kinafanywa kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe imefundishwa ujanja. Ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, linakuwa jepesi. Na ukishajibu, huruhusiwi kurudi nyuma kurekebisha. Wanasema kwa njia hiyo wanajua kiwango chako kwa maswali machache, na nakubali ni akili. Lakini mtihani huo una tabia za mama mkwe: ukipika vizuri anakuongezea wageni, ukiunguza anakuhurumia kwa namna inayouma zaidi. Kijana wa watu atajuaje anaendelea vizuri? Kwa kuteseka. Akianza kuona maswali ni rahisi, ndipo aanze kulia.

Afande aliukubali mtihani huo mara moja. Alisema yeye amekuwa akiwapima kuruta hivyohivyo tangu ujana wake. Anayekimbia vizuri alimwongezea mzigo.

Juu ya yote haya Wamarekani wakaja na miwani. Mwaka 2021 Microsoft ilipewa mkataba ambao ungeweza kufikia dola bilioni 21.9 kwa miaka 10, itengeneze miwani ya kuvaa kichwani, IVAS, ya kumwonyesha askari ramani, vilivyomo gizani, wenzake walipo, na hata maadui wa kuchorwa wa kufanyia mazoezi. Majaribio yakafanyika. Baadhi ya askari wakaripoti kuumwa kichwa, macho kuchoka na kichefuchefu. Mwaka 2025 kazi ikahamishiwa kampuni nyingine, Anduril. Mimi si mtaalamu wa ununuzi, ila kuumwa kichwa, macho kuchoka na kichefuchefu ndizo hasa huduma alizotupa afande wetu kambini kila alfajiri, na hakuwahi kutuma ankara.

Lakini safu hii isiwe ya kubomoa tu. Nilimuuliza afande, kwa haki kabisa, kama hakuna hata kozi moja ya kwenye skrini iliyomfaa. Alijikuna kidevu. Akasema ipo. Alipokuwa akijiandaa kwenda Kongo kulinda amani, enzi zile za brigedi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, alisoma mtandaoni sheria za vita: nani asiguswe, mateka atendewe nini, mtoto mwenye bunduki ni mtoto au ni bunduki. Alisoma polepole, usiku, akarudia alipochoka.

"Kwa hilo mashine ilikuwa mwalimu mzuri," akasema. "Inarudia bila kukasirika."

Nikafurahi, nikadhani tumefika mwafaka.

"Ila hiyo ndiyo kasoro yake," akaendelea. "Haikasiriki. Mimi nilipokosea jibu, ilinipongeza kwa kujaribu. Kule Kivu, ukikosea, hakuna wa kukupongeza. Kule nilijua njia si salama asubuhi moja kwa sababu wauza ndizi hawakutoka. Niliwauliza kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiswahili chao, na tulielewana. Slaidi ya wauza ndizi sijaiona mpaka leo."

Nadhani afande amesema walichokuwa wakikitafuta mpwa wangu, mtafiti wa Carlisle na mlinzi wetu asiye na barua pepe. Mashine ipewe kazi ya kumwangusha mtu, kumrudisha nyuma, kumwonyesha njia aliyopita kwa kalamu isiyopendelea. Hiyo inaiweza kuliko afande yeyote, na haichoki. Lakini pembeni pawe na mtu anayejua tofauti ya aliyefaulu na aliyebofya. Na lile la kutoa cheti kwa kila anayefika slaidi ya mwisho, hilo si mafunzo wala si kipimo. Ni risiti. Inamthibitishia mkubwa kwamba amri yake ilipita, ili siku mambo yakiharibika aseme wote walifundishwa.

Kwa hiyo nimeandaa pendekezo, na nilianza kulisoma kwa afande kabla ya kulichapa, nikitarajia pongezi. Linasema hivi: mkubwa yeyote, wa jeshi lolote duniani, anayeagiza kozi ya lazima ya kompyuta, aifanye yeye mwenyewe kwanza. Aanze slaidi ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuruka, kwa mtandao uleule wa kambini unaokatika, Jumamosi, kwenye kiti kinachoumiza kiuno. Akimaliza, apewe wiki moja asahau. Kisha aulizwe alichojifunza, na anayeuliza awe kuruta.

Afande alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemwona raia.

"Jenerali ana msaidizi wake," akasema. "Atakayeifanya ni yule msaidizi."

"Basi angalau msaidizi atajifunza."

"Msaidizi," akasema afande, "ana koplo."